Kamati za mapokezi zichomoe umeme kabla ya kusaini

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wajumbe wa kamati za mapokezi ya vifaa vya TEHAMA, maana saini yao ndiyo inayomfungulia mkandarasi malipo.

Mimi ni fundi mitandao hapa Dodoma. Hivi karibuni niliitwa kwenye ofisi moja ya ghorofa, ambayo siitaji. Kwenye raki kulikuwa na swichi tatu (vifaa vinavyounganisha kompyuta za ofisi kwenye mtandao) aina ya Catalyst 9300, mpya, zimeunganishwa kwa steki: tatu kwa hesabu, lakini zinaendeshwa kama moja, kwa anwani moja, konfigi (mipangilio) moja na swichi moja kiongozi. Hela ya maana imetumika pale.

Nyuma ya raki nikakuta kebo za steki mbili tu. Moja inatoka swichi ya kwanza kwenda ya pili, nyingine ya pili kwenda ya tatu, basi. Ya kuirudisha ya tatu kwenye ya kwanza ili pete ifungwe ilikuwa kabatini, ndani ya nailoni yake ya kiwandani.

Pete isipofungwa mtandao bado unafanya kazi na taa zote ni kijani, na hapo ndipo kamati huingizwa mkenge. Siku hiyo swichi ya katikati iliungua pawa saplai. Ya tatu, nzima kabisa, ikabaki kisiwani, kwa sababu nyaya zote mbili za faiba zinazokwenda chumba cha seva zilikuwa zimechomekwa kwenye ya kwanza. Watu wa kaunta wakaandika risiti kwa mkono hadi jioni, na foleni unaijua.

Lingine, hakuna aliyepanga kiongozi awe nani. Kipaumbele kinawekwa kuanzia 1 hadi 15, na zote tatu zilikuwa na 1 ya kiwandani. Zikiwaka pamoja zikiwa sawa hivyo, uongozi unakwenda kwa yenye anwani ya MAC (namba ya utambulisho inayotoka nayo kiwandani) ndogo kuliko wenzake. Huo si mpango, ni bahati nasibu! Kuipa ya kwanza 15 na ya tatu 14 ni kazi ya dakika chache.

Ombi langu ni dogo. Kabla ya kusaini, mwambieni mkandarasi aandike amri ya `show switch` kwenye swichi mbele yenu, swichi zote zionekane ziko tayari. Kisha mjumbe mmoja akae kwenye kompyuta iliyounganishwa na swichi ya tatu, afungue mfumo wa ofisi, na mkandarasi achomoe umeme wa swichi kiongozi. Mfumo ukisita kidogo ukaendelea, sawa. Ukikatika moja kwa moja, kalamu irudi mfukoni. Nimewasikia wakandarasi wakisema jaribio hilo litaharibu vifaa. Mteja amelipia steki ili swichi moja ikifa kazi iendelee, sasa wanaogopa nini?

Konfigi nayo ikabidhiwe kwa nakala, pamoja na nywila. Bila hivyo kila hitilafu mtampigia aliyefunga, naye atapanga bei anavyotaka.

Ofisi ambazo zimeshalipa, zungukeni nyuma ya raki leo. Swichi mbili, kebo mbili; tatu, tatu; nne, nne. Ikipungua moja, anzeni kuitafuta kabatini.

Fundi mitandao,
Dodoma