Alhamisi usinyanyuke

Mwanangu,

Nimeandika kwa mkono, mtoto wa shangazi yako atazipiga picha karatasi hizi akutumie. Ujumbe wa sauti najua unauruka ukiona umepita dakika moja. Bibi yako hajambo kidogo. Jana alimaliza bakuli zima la uji, kisha akagombana na muuza samaki, kwa hiyo ujue anapona. Anakusalimu. Ameniuliza mara mbili huo mtihani wako wa udereva ni lini. Nikamwambia Alhamisi, nikaliacha hapo hapo.

Si wa udereva, ni wa GED, ule mtihani wa huko Marekani wa kumpa aliyeacha shule cheti kilicho sawa na cha sekondari, na Alhamisi hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Dada yako ameniambia kwamba siku ile uliyopata 142 ya hesabu ulitoka chumbani ukiwa umebakiwa na dakika 40. Wao wanataka 145. Alama tatu tu, mwanangu, na dakika 40 umewaachia! Mimi uliniambia "imegoma" basi. Sikatai kwamba ilikuwa ngumu. Nauliza tu, hicho kiti kilikuwa na miiba?

Najua umeirithi wapi tabia hiyo. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mimi huvaa viatu chai haijamiminwa.

Usinyanyuke. Ukishajibu yote, rudi kwenye yale uliyoyatia alama ya kuyapitia tena. Ukimaliza hayo, angalia kama kuna swali tupu, maana jibu la kosa halikupunguzii kitu, kubahatisha ruksa. Ukimaliza na hilo, kaa.

Kitabu chako cha hesabu usikitafute tena, na usimsingizie dada yako. Kiko hapa Tanga. Nilikitia begini usiku wa safari nione unapambana na nini, na sasa ukurasa wa hesabu za sehemu una duara la kikombe cha kahawa. Nitakununulia kingine. Nimeona maswali matano ya mwanzo hayana kikokotoo, na ukishakifunga kipande hicho hurudi nyuma. Hapo ndipo ulipokimbilia, nakuapia. Kuna swali la kupanga 3/8, 0.4 na 1/3 kutoka ndogo kwenda kubwa. Nimelikosa mara mbili hapa barazani. Mara ya tatu nikagawanya kwa mkono, zote zikawa desimali: 0.375, 0.4, 0.333. Zikajipanga zenyewe. Nawe fanya hivyo kwenye kile kibao cha kufutika wanachowapa, usifanye kichwani. Kuanzia swali la sita kikokotoo kipo kwenye skrini, na fomula zipo: mteremko, Pythagoras, ujazo, hata ile ndefu ya kwadratiki. Hutakiwi kuzikariri. Unatakiwa ujue ipi inaingia wapi, na hilo linataka utulivu. Wamekupa dakika 115. Zitumie zote, hakuna anayekudai chenji.

Na kwa nini 158 ya maarifa ya jamii nimeisikia kwa mtu mwingine? Nusu ya mtihani ule ni katiba na serikali ya Marekani, watu waliozaliwa hapo hapo Houston wanaanguka. Nimewasomea wazee wa baraza alama zako, wakanyamaza kidogo, wakaniuliza kama unaoa.

Ule wa lugha ukifika, chunga insha ya dakika 45. Wanakupa maandishi mawili yanayobishana, useme ni upande upi umejenga hoja yake kwa ushahidi bora, na uuonyeshe huo ushahidi. Hawakuulizi wewe unaonaje. Nakujua na ubishi wako wa mezani, utaanza kuwapa maoni yako mpaka muda uishe. Lakini hiyo baadaye. Kwanza Alhamisi.

Hii ni mara ya pili. Ukiikosa, ya tatu unaruhusiwa bila kungoja, ila ukiikosa na hiyo utakaa nje siku 60, na nakujua, siku 60 kwako ni mwaka. Zamu ya Jumatano usiku omba uachwe. Hela yake nitairudisha mimi.

Yule msimamizi wako anayekiita cheti cha walioshindwa, mwache. Mtihani huo ulianzishwa 1942 kwa ajili ya askari walioacha masomo wakaenda vitani. Wewe uliacha ukaenda ghalani. Ulikuwa na miaka 17, shule wakataka sahihi ya mzazi, na mzazi mwenyewe amelala chali na mgongo wake, kodi ya miezi miwili inadaiwa. Kalamu ilikuwa nyepesi siku ile. Basi. Kitambulisho usisahau, na jina liwe lile lile ulilojiandikishia, herufi kwa herufi. Simu utaiacha kwenye kabati lao.

Kichujio cha kiyoyozi kibadilishe kabla joto halijakolea, kipya kiko juu ya mashine ya kufulia. Mafuta ya kukaangia msiyamwage kwenye sinki, fundi wa mabomba aliyekuja mara ya mwisho bado namlipa. Hapa masika yameanza, paa la upande wa jikoni linavuja kitandani kwa paka. Fundi anataka mabati sita, nimenunua manne, tutaona. Sijui nitarudi lini, namwangalia bibi yako. Dada yako akipika usimwachie vyombo, naye ana shule, na yeye hatoki mpaka amalize.

Saa tatu asubuhi kwenu ni saa kumi na moja jioni hapa. Nitakuwa barazani na kitabu chako. Wakikuanzishia kwa wakati, dakika 115 zitaishia saa moja kasoro dakika tano, magharibi tumeshaisali. Ukinipigia kabla ya hapo, sipokei.

Baba yako