Risala ya Chama cha Hisabati na Kompyuta kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum.

Karibu Mombasa, karibu kisiwani. Chimbuko la topolojia, tawi la hisabati linalochunguza jinsi vitu vilivyoungana, nalo lina kisiwa ndani yake. Mwaka 1736 mwanahisabati Euler alithibitisha kwamba huwezi kuyapita madaraja 7 ya mji wa Königsberg, uliokuwa na kisiwa mtoni, kila moja mara moja tu. Hakupima urefu wa daraja lolote. Alitazama nini kimeungana na nini.

Muhula huu tumejifunza jinsi fikra hiyo inavyotumika katika ujifunzaji wa kina wa kompyuta, yaani kompyuta kujifunza kutokana na mifano kwa hatua nyingi, hasa kwa data za uhusiano, zinazoonyesha nani ameungana na nani. Chukua oda moja ya soko la Kongowea: ina muuzaji, mteja na dereva wa tuktuk. Ukiivunja jozi jozi, utajua nani ameshughulika na nani, lakini hutajua tena kama watatu hao waliwahi kukutana katika oda moja. Kwetu sisi hilo ndilo kubwa kuliko yote. Topolojia huichora oda hiyo kama pembetatu iliyojazwa ndani, si mistari mitatu mitupu.

Tulipanga vizibo 6 vya soda, tukavifunga kwa uzi vikawa pembesita. Tukafungua, tukafunga upya, vikawa pembetatu 2. Kila kizibo bado kina majirani 2! Mtandao wa neva wa grafu wa kawaida, yaani programu inayojifunza kutokana na mchoro wa nukta (nodi, kama vizibo vyetu) na mistari inayoziunga, ambamo kila nodi husikiliza majirani zake tu, hauwezi kuyatofautisha maumbo hayo iwapo nodi zote zimeanza sawa. Hata zikipashana habari mara mia, kila kizibo kinasikia yale yale. Topolojia huhesabu: pembesita ni kipande 1 chenye tundu 1, pembetatu zile ni vipande 2 vyenye matundu 2. Mtandao ukipewa hesabu hiyo, tofauti inaonekana.

Kinachotukwamisha ni nguvu ya mashine. Nodi 100 zilizoungana zote zina mistari 4,950, lakini pembetatu ni 161,700, na kompyuta zetu huganda hapo. Tunakuomba, mheshimiwa, utushike mkono tupate japo moja yenye kumbukumbu ya kutosha.

Vizibo na uzi viko pale meza ya mbele. Tutafurahi ukivifunga kwa mikono yako kabla hujaondoka.

Ahsante sana.

Ni sisi wanachama.