Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: maafisa afya wapande na juu ya paa

Daktari, shikamoo.

Mimi ni fundi bomba, mkazi wa Tabata. Juu ya mapaa ya jiji hili nimefunua simtanki nyingi: mfuniko ulishachukuliwa na upepo, ute umeganda ukutani, tope limetulia chini. Mwenye nyumba huniambia, "Hayo si ya kunywa, fundi, ni ya kuoga tu." Neno hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Bakteria wa legionela hawangoji unywe. Wanaingia kwa pumzi, ndani ya matone madogo kama ukungu yanayorushwa na shawa au mpira wa bustani, na kuleta nimonia kali. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kukaa na mgonjwa; unatoka kwenye maji. Bakteria hawa wanastawi kwenye joto la kati ya nyuzi 25 na 45, na tanki jeusi lililo juani hapa Dar haliwapi baridi hata siku moja.

Kinachonitia hofu zaidi ni maji yaliyolala. Chumba cha wageni kimefungwa miezi, kisha anakuja bibi kutoka kijijini, anafunguliwa shawa ile ile yenye chumvi nyeupe kwenye matundu. Bomba lililokatwa likazibwa, maji yamo humo miaka. Mpira ulioachwa juani umejaa maji ya moto, na wa kwanza kurushiwa ni watoto. Hita ya tanki nayo tunaishusha hadi nyuzi 40 ili umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, usiishe haraka, wakati bakteria hawa wanakufa kuanzia nyuzi 60.

Baba yangu ana sukari na umri wake umeenda. Watu kama yeye, na wavutaji sigara, ndio wanaoumia zaidi. Bafu lake likikaa wiki bila kutumika, nafungua koki taratibu, dirisha wazi, natoka nje maji yakimwagika.

Bustanini kuna ndugu yao, longbichae, anayekaa kwenye mboji na udongo wa kupandia. Australia na New Zealand mifuko ya udongo huandikwa onyo. Wauza miche wetu wa kando ya barabara wanachanganya udongo mkavu kwa mikono, vumbi usoni. Waambiwe waulowanishe kwanza, wazibe pua na mdomo, wanawe kabla ya kula.

Daktari, maafisa afya wakija mtaani wanakagua choo na viluwiluwi kwenye mapipa. Hakuna aliyewahi kuniomba ngazi. Naomba tanki, shawa na hita viingie kwenye ukaguzi wao. Na mgonjwa wa nimonia asiyepata nafuu kwa amoksilini, dawa isiyowaweza bakteria hawa, aulizwe anaogea maji gani, apimwe mkojo.

Ngazi ninayo. Afisa wa kata yetu akiwa tayari, Jumamosi yoyote nitapanda naye.

Wako mtiifu,
Fundi bomba, Tabata