Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kuhusu Bustani ya Machimbo, Mikindani

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka kuhusu bustani yetu ya Mikindani, iliyopandwa katika machimbo ambako kwa miaka mingi yalikatwa mawe ya matumbawe ya kujengea na ya kuchomea chokaa, likabaki shimo la mwamba mtupu lisiloweza kuotesha hata mchicha.

Jambo lililojadiliwa zaidi mwaka huu ni majani ya mivinje. Baadhi yenu mliomba yafagiliwe na kuchomwa ili bustani ipendeze, nasi baada ya kulitafakari ombi hilo tumelikataa, hivyo ni wajibu wangu kueleza sababu. Mvinje humea juu ya mwamba kwa kuwa mizizi yake huishi pamoja na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani; lakini majani yake makavu yana tanini nyingi, yaani kemikali chungu inayochelewesha kuoza, na hayaozi upesi. Wenzetu wa Bamburi, Mombasa, walilikuta tatizo hilohilo baada ya René Haller kuanza, mwaka 1971, kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji. Kati ya aina 26 alizojaribu zilistahimili tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo, na majani yalirundikana mpaka walipoletwa jongoo wa miguu myekundu, ambao huyatafuna na kuyageuza mboji.

Kwetu jongoo wamekuja wenyewe. Anayetaka kuthibitisha na ainue majani karibu na ukuta wa mashariki: chini ya tabaka kavu ataona vinyesi vya jongoo, vidogo kama punje za ulezi, na chini zaidi udongo mweusi wenye unyevu, ambamo imeota miche ya mkwaju ambayo hakuna mwanachama aliyeipanda. Nadhani mbegu zililetwa na tumbili. Anayefagia hapo anafagia udongo wenyewe.

Bwawani, perege wanaendelea kula viluwiluwi vya mbu, na kenge na mdiria wanaonekana mara kwa mara. Keremkerem wamechimba viota katika ukingo wa udongo mwekundu. Nawasihi wazazi wawakataze watoto kuchokoa matundu hayo kwa vijiti, kwani ndani kuna makinda.

Lililotuumiza ni moto wa kiangazi, uliotoka katika shamba la jirani lililokuwa likisafishwa kabla ya msimu wa korosho, ukaunguza miche ya upande wa kusini. Vijana wa zamu waliuzima kwa matawi mabichi, nami nawashukuru kwa dhati.

Mhazini atawasomea hesabu. Kamati haiombi ada iongezwe. Inaomba mkutano huu uidhinishe kulimwa kwa barabara ya kuzuia moto upande wa kusini, kazi ifanyike kwa msaragambo mara mvua za masika zitakapokatika, kabla nyasi hazijakauka.