Watoto waliozaliwa mapema wapimwe kifua pia, si utosi pekee

Mhariri,

Binti yangu alizaliwa wiki ya 27 ya ujauzito, akiwa na kilo moja kasoro gramu 60. Tulikaa wodini wiki 11. Mara mbili daktari alisukuma mashine ya altrasaundi hadi kwenye inkubeta, akampaka jeli utosini, akatazama kama damu imevuja kwenye ubongo. Nashukuru mno kwa hilo. Lakini kwa kiumbe mdogo vile, kutoka utosini hadi kifuani hakufiki hata shibiri moja, na kile kifaa hakikuteremshwa hata siku moja.

Alipofikisha wiki ya 36, tukihesabu tangu ujauzito, akiwa bado anategemea oksijeni, tukaambiwa ana ugonjwa sugu wa mapafu. Jina hilo halisemi tatizo liko wapi. Kuna mtoto ambaye mapafu yake yana maji, kuna mwenye makovu na hewa iliyonasa, kuna ambaye njia ya hewa imelegea, na kuna ambaye mishipa ya damu ya mapafu ina presha. Watoto wetu wote wodini walipewa dawa ile ile ya kupunguza maji.

Huku Kayole nilimpa dawa hiyo miezi mitatu, nikipunguza oksijeni kidogo kidogo kama nilivyoelekezwa. Kila akinyonya, midomo ilibadilika kuwa ya bluu. Nilidhani ni baridi ya Julai. Katika hospitali ya pili daktari alimpima kifua kwa altrasaundi nikiwa nimempakata. Ile mistari ya wima inayoonyesha maji haikuwapo. Akahamia moyoni, akakuta ile presha ya mishipa ya mapafu. Dawa ikabadilishwa, oksijeni ikaongezwa. Kumbe nilikuwa nikimpunguzia kile kile alichohitaji zaidi! Bado naamka usiku kumtazama midomo.

Hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, ina MRI ndogo, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ndani ya wodi ya watoto wachanga. Siombi hiyo. Naomba Wizara ya Afya na Kaunti ya Nairobi wawafunze wahudumu kusoma mapafu kwa mashine ambayo tayari iko wodini na haina mionzi, na mtoto asiruhusiwe kwenda nyumbani na oksijeni kabla ya kupimwa kifua na moyo.

Jumatatu kliniki niliketi na mama kutoka Dandora, mwanawe ana mrija puani, anatumia dawa ile ile ya maji. Nikamuuliza kama amewahi kupimwa kifua.

“Kichwa tu,” akanijibu.

Mama Imani,
Kayole, Nairobi