Kinyungu kimeanza kutulisha

Mufindi, Julai

Kwako Mama Neema,

Kamwene dada? Sisi huku wazima, ila baridi usiseme. Ukungu unalala bondeni mpaka saa tatu asubuhi, na watoto hawabanduki jikoni. Barua yako nimeipata. Umeniuliza kwa nini bado nahangaika na jembe wakati gulio liko karibu na kila kitu kinauzwa. Ngoja nikujibu vizuri, maana swali hilo nimelipenda.

Huku kwetu mvua zikishakatika mwezi wa tano, ni mpaka Novemba tena. Mashamba ya juu yote yamekauka, mahindi yameshaingia ghalani. Ndipo tunashuka bondeni kulima vinyungu, hivi vishamba vyetu vya kiangazi. Kule udongo ni mweusi na unyevu haukatiki. Tunafyeka majani, tunayalaza, tunayafukia kwa udongo mpaka tuta linainuka, nayo yanaozea humo humo yakawa mbolea. Kati ya tuta na tuta tunaacha mfereji: maji yakizidi yanapita, jua likiwa kali unachota hapo hapo kumwagilia. Kazi inauma mgongo, sikufichi. Lakini njia nzima ya kijiji ikiwa vumbi tupu, sisi bondeni tuna kijani.

Sasa hivi nina kabeji, njegere, mahindi machanga na mnafu. Huo mnafu ndio fahari yangu! Nauchuma jioni, vile vichipukizi vya juu tu, kwa sababu ukiuchuma hivyo unatoa vingine ubavuni na unakula miezi. Maji nayaacha mafigani, nikirudi nayakuta yanachemka. Nauchemsha, namwaga maji ya kwanza uchungu upungue. Usiishe, upungue tu; mnafu usio na uchungu kabisa mimi siuhesabu kuwa mboga. Halafu kitunguu, nyanya, na karanga za kusaga nilizokoroga kwa maji ya uvuguvugu. Hapo napunguza kuni na kukoroga taratibu mpaka mafuta ya karanga yaelee juu. Tunaula na ugali ukiwa bado unatoa moshi, watoto wanagombania ukoko. Mboga ya gulioni imelala kwenye kiroba, imesafiri, imenyunyiziwa maji isinyauke. Hii yangu haijamaliza hata saa moja tangu itoke shambani, na ulimi unajua.

Jumamosi huwa ni kande. Mahindi mapya nayatwanga kinuni ganda litoke, nayachanganya na maharage, nabandika chungu mapema kwa kuni za mwati ambazo moto wake unakaa. Baada ya hapo sina haraka na mtu. Chungu kinachemka chenyewe, mimi nafua, napalilia, jirani akipita anakaa kuota moto na tunaongea mpaka kande linaiva. Mama Neema, hicho ndicho ninachokikosa kila nikija Dar. Chakula mnacho, tena kizuri, lakini kinaliwa mbio mbio, kila mtu na saa yake.

Basi njoo Oktoba. Mahindi ya kinyungu yatakuwa mabichi ya kuchoma wakati sehemu nyingine hata mbegu hazijaingia ardhini. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, usiutegemee, huo ni wa masika. Basi likisimama Ruaha Mbuyuni nunua vitunguu hapo dirishani, vyao ni vizuri na vinakaa. Ukishapanda mlima Kitonga anza kutoa sweta, wala usisubiri ufike Mafinga. Na nazi mbili tatu usisahau, nimeyatamani sana maharage ya nazi.

Niandikie mapema kama unakuja peke yako au na watoto, nijue mistari mingapi ya mahindi niiache bila kuuza.

Msalimie shemeji.

Wako,
Mama Faraja