Kabla shimo halijafukiwa, tuachiwe ukuta mmoja

Mhariri,

Assalaamu alaykum. Mimi ni mama, mvunja kokoto wa Makunduchi, na huu ni mwaka wa 14 niko katika kazi hii. Naomba nafasi niseme kuhusu mashimo tunayoyaacha.

Mwezi uliopita binti yangu, anayesoma sekondari, alinionesha kwenye simu picha ya milima ya Utah, Marekani. Ubavuni ina mistari mlalo iliyonyooka kama iliyopigwa kamba na fundi mwashi. Akaniambia, "Mama, zile zilikuwa fukwe." Palikuwa na ziwa pale, Bonneville, lenye kina cha zaidi ya mita 300, na miaka kama 18,000 iliyopita maji yalifika juu kule. Kisha ukingo wa kaskazini ukabomoka, maji yakashuka kwa kishindo, yakatulia chini zaidi na kuchora mstari mwengine. Leo limebaki Ziwa Kuu la Chumvi. Kwenye fukwe hizo mawimbi yalirundika kokoto, na watu wa huko wanazichimba kwa barabara na zege. Nyingi ni mviringo! Wenzetu mawimbi yameshawavunjia. Sisi twavunja kwa nyundo, ndoo baada ya ndoo.

Kesho yake nilishuka shimoni nikautazama ukuta kama ndiyo kwanza nauona. Juu udongo mwekundu, haufiki shubiri. Chini yake jiwe, na ndani ya jiwe kombe mkubwa, mdomo kaufunga, na tumbawe lenye mikunjo. Na hapa mpaka pwani ni nusu saa kwa miguu. Jiwe letu lilikuwa matumbawe hai, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Baadaye ikashuka hata Unguja ikaungana na bara. Ndiyo maana katika Pango la Kuumbi, Jambiani, ilichimbuliwa mifupa ya punda milia.

Siombi machimbo yafungwe. Wanangu wamekula na kusoma kwa nyundo hii. Naomba shimo likimalizika, kabla halijageuzwa jaa (letu la kwanza limeshajaa mifuko na chupa), uachwe ukuta mmoja, hata wa hatua kumi tu, usiguswe, na walimu wawalete watoto wauone.

Skuli yoyote ikitaka kuja, mimi nipo shimoni tangu saa moja asubuhi. Yule kombe sijampiga nyundo.

Mvunja kokoto,
Makunduchi, Unguja